Kisanduku cha Midi Kilivyorudisha Posa Yangu Mjini

Jamani, mimi leo sina uso. Niliokuwa nao nimeuacha kanisani, mlimani, mbele ya waumini na padri wao.

Niko hapa intaneti kafe, nimejibanza kwenye mashine ya kona ili nisionwe na mtu anayenijua. Nawaandikia nyie wana bendi wenzangu mlioko Dar na Dodoma kabla hamjasikia kwa wengine. Maana mtasikia tu. Pikapu iliyonishusha mjini imeshusha na mashahidi wengine kibao, na kila mmoja alishuka anacheka.

Nianze mwanzo, ili mjue nilivyojichimbia shimo kwa mikono yangu.

Yustina mnamjua. (Asiyemjua basi hajawahi kukaa na mimi hata dakika mbili.) Wazazi wake wameshanikubali. Baba yake ananiita mwanangu kabisa. Lakini Yustina ni Mluguru, na kule kwao juu baba anaweza kukupenda mpaka akakuchinjia mbuzi, na bado hujaoa. Mwenye neno ni mjomba. Mjomba mwenyewe ni Mzee Banzi, mwenyekiti wa kwaya ya parokia iliyoko juu kule, ukishapita Mkuyuni unaanza kupanda milima. Mzee mpole, mkimya, suti moja ya kijivu, macho yanayokupima kama anapima mbao.

Kwaya yake ilipewa vyombo na marafiki wa parokia wa ng'ambo: vinanda viwili vya umeme, sanduku la sauti lisilo na vibao vya kubonyeza, na mashine ya ngoma. Vyote vizuri, ila vilikuwa vimekaa stoo kwa sababu hakuna aliyejua kuviunganisha. Mzee Banzi akaniita.

"Deo, nasikia wewe ni fundi wa mambo haya."

"Shikamoo mzee. Najitahidi."

"Marahaba. Mwisho wa mwezi kwaya yetu ina jubilei. Nataka vyombo hivi vyote vipigwe na mtu mmoja, vitoe sauti moja. Mimi simpimi kijana kwa sura. Nampima kwa kazi yake. Ukiweza, walete wazee wako siku hiyo hiyo, tukimaliza chakula tuzungumze."

Nadhani mmeelewa. Jubilei ikienda vizuri, posa inapokelewa. Sikulala wiki nzima kwa raha.

Sasa, kwa wapiga gitaa msiojua lolote, midi si sauti. Midi ni amri. Ukibonyeza kibao kwenye kinanda hiki, waya unapeleka amri kwa kile kingine: na wewe lia. Ukiwa na vyombo viwili, waya mmoja unatosha. Ukiwa na vinne, unahitaji kisanduku cha katikati cha kugawa amri, kiamue nani anamwamrisha nani na nani anyamaze. Ndicho nilichokifuata Kariakoo.

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Enzi za maduka ya ushirika ungeulizia kitu kama hicho, wangekuangalia kama umechanganyikiwa, ungerudi nyumbani salama. Siku hizi soko huria. Kwenye duka la vyombo vya mtumba nikawekewa visanduku viwili mezani.

Cha kwanza chepesi, bati jembamba, usoni kina swichi za kuzungusha. Kila chombo na swichi yake. Unaangalia tu unaona: hiki kinasikiliza kile, basi. Mtoto angeelewa. Cha pili cheusi, hakina swichi hata moja ya kuzungusha. Kina vitufe vidogo na kidirisha cha namba nyekundu. Kina kumbukumbu. Unapanga mpangilio wako, unauhifadhi kwa namba, ukitaka unauita.

Mwenye duka akaniambia, "Bro, mimi siongei sana. Shika mwenyewe."

Nikashika. Kile cheusi kilikuwa kizito balaa.

Tusidanganyane, wote tumelelewa hivyo. Redio nzito ndiyo orijino. Pasi nzito ndiyo orijino. Ukiambiwa kitu ni cha Ulaya unakipima kwanza mkononi, kikiwa chepesi unakirudisha. Mimi fundi mzima, mwenye cheti, nilisimama dukani napandisha na kushusha visanduku viwili kama mama anayechagua papai. (Hata sikuuliza kitabu cha maelekezo. Uzito ulinitosha.)

Nikarudi Moro na kizito.

Siku zile mbili za mwanzo nikakifanyia majaribio chumbani. Mpangilio wa kwanza kabisa niliouhifadhi, namba moja, ulikuwa wa fujo tu: kila chombo kinaamrisha kila chombo. Nilitaka kuona kama matundu yote yanafanya kazi. Yalifanya kazi. Nikicheza wimbo kwenye kinanda, mashine ya ngoma nayo inaitikia, kila kibao kinatoa kitu chake: hiki kengele, hiki filimbi, hiki makofi, hiki dumu. Nikacheka peke yangu. Nikauacha humo humo.

Leo asubuhi tumepanda na pikapu ya parokia. Mimi, kisanduku mapajani nimekizungushia taulo, na Baba Mdogo Maganga, mshenga wangu, kanzu nyeupe juu, koti juu ya kanzu, kofia, na posa kaifunga ndani ya leso kaiweka mfuko wa ndani. Baba Mdogo ni Mnyamwezi wa Tabora hasa, kama mnavyojua sisi kwetu ni huko, mimi nilizaliwa hapa Moro tu kwa kuwa baba alikuwa anafanya kazi reli. Njia nzima ananifundisha namna ya kukaa, namna ya kunyamaza, namna ya kula kidogo.

Tuliposhuka, wanakwaya kina mama wakatupokea kwa vigelegele. Ghafla bibi mmoja mwembamba, Bibi Perpetua, akaja akamvua Baba Mdogo kofia, akaivaa yeye.

"Wanyamwezi hawa! Nani kawaruhusu kupanda mlima wetu na miguu yao ya kubebea mizigo? Hii kofia ni ushuru."

Baba Mdogo akamjibu, "Na wewe mama wa Kiluguru, hiyo kofia usije ukaitoboa kwa kichwa chako kama kiazi cha Mgeta."

Watu wakacheka. Utani huo, Mnyamwezi na Mluguru ni watani toka babu zetu, wanatukanana wakikutana na hakuna anayekasirika. Mimi nikatabasamu kidogo nikapita. Nimekulia mjini, mambo haya nayasikiaga tu, na akili yangu ilikuwa kwenye nyaya.

Nikafunga vyombo. Nikapanga mpangilio safi: kinanda cha mbele kinaamrisha sanduku la sauti peke yake, sauti nyororo ya kanisani. Mashine ya ngoma iko pembeni, inasubiri nyimbo za sadaka, nitaiita kwa kitufe. Nikajaribu. Safi. Ilibaki kuuhifadhi tu ule mpangilio, na kuuhifadhi unabana vitufe viwili kwa pamoja mpaka namba imeremete. Nikasema nitafanya baadaye, kwani umeme unaenda wapi? (Umeme wenyewe wa jenereta. Yenyewe kubwa kuliko mimi, inakohoa kuliko babu yangu.)

Kina mama wa kwaya wakaja kukagua. Wakaona kisanduku cheusi kipo wazi kabisa karibu na altare. Wakaguna.

"Mwanangu, hiki kitu kitakaa uchi hivi, mbele ya Ekaristi?"

Wakakifunika kitambaa cha kufuma, cheupe, cha maua. Kizuri kweli. Nikashukuru. Kwa kile kitambaa, namba nyekundu sikuiona tena.

Misa ikaanza. Wandugu, nilipiga. Sijawahi kupiga hivyo. Kwenye sadaka nikaachia ngoma, kina mama wakaja wamebeba vikapu vya ndizi na maharage vichwani wanayumba, mpaka Baba Mdogo na koti lake akatoka kwenye benchi. Nikamwangalia Mzee Banzi. Anatingisha kichwa kwa mdundo, taratibu, macho kafumba. Nikamwangalia Yustina kwenye safu ya sauti ya kwanza. Akanikonyeza. Nikajiona tayari nimeshaoa.

Baada ya komunyo, jenereta ikakohoa. Taa zikazima, zikawaka. Kitendo cha kufumba na kufumbua. Watu hawakujali. Mimi nikaangalia kinanda, kimewaka. Sanduku la sauti limewaka. Mashine ya ngoma imewaka. Nikashukuru Mungu, nikatulia.

Chini ya kitambaa, kisanduku nacho kiliamka. Na kwa kuwa sikukihifadhia mpangilio wangu, kikachukua ule kiliokuwa kinaukumbuka. Namba moja.

Mzee Banzi akasimama, akaenda kwenye maikrofoni na karatasi mkononi. Kanisa likanyamaza. Padri akainamisha kichwa.

"Ndugu waumini, tuwakumbuke waimbaji wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Kinanda kitusindikize polepole."

Akanipa ishara.

"Wa kwanza, mwanzilishi wa kwaya hii. Mama yangu mzazi. Agata."

Nikabonyeza vibao vitatu. Kwa upole wote nilio nao.

Ikalia kengele ya ng'ombe, filimbi ya refa na dumu.

Kanisa zima likaruka. Mzee Banzi akashusha karatasi. Mimi nikadhani nimegusa vibaya, labda kidole kimeteleza. Nikabonyeza tena, vibao vingine, taratibu zaidi, kwa heshima zaidi.

Makofi. Watu kama ishirini wakapiga makofi ndani ya spika, wakamshangilia marehemu.

Nikatoa mikono. Nikaiinua juu kabisa watu waione. Kelele zikaendelea. Hapo ndipo nilipojua kinachotokea: kinanda kimemwamrisha mwenzake, mwenzake kamwamrisha mashine ya ngoma, mashine ya ngoma imemrudishia kinanda, na hakuna wa kumwambia mwenzake basi. Filimbi, kengele, makofi, filimbi. Zamu kwa zamu. Wanazungushana tu.

Nikaanza kuchomoa nyaya. Nikachomoa wa kwanza, maikrofoni ya padri ikafa. Nikachomoa wa pili, ngoma zikapata nguvu. Nikavuta kitambaa cha maua, kikaja na kikombe cha maua ya altare, maji yakamwagikia viatu vyangu. Jasho linanitoka masikioni. Mwishowe nikalala tumboni chini ya meza nikang'oa waya mkubwa wa umeme.

Kimya.

Nimelala chini ya meza, naona viatu tu. Nikaomba jenereta ilipuke, niende na mimi.

Ndipo nikasikia kigelegele. Kirefu. Bibi Perpetua, na kofia ya Baba Mdogo bado kichwani, ametoka kwenye benchi anacheza katikati ya kanisa.

"Mnyamwezi huyo! Kaja kumharibia Agata kumbukumbu yake! Mtani huyo, mkamateni!"

Kanisa likaangua kicheko. Siyo cha kunicheka. Cha raha. Kina mama wakanivuta miguu kutoka chini ya meza, wananipiga na khanga mgongoni, wananidai faini, wananiita mchawi wa Tabora. Padri kaweka mkono mdomoni, mabega yanatingishika. Na Mzee Banzi, jamani, Mzee Banzi analia huku anacheka. Anafuta macho kwa ile karatasi ya majina.

Mnaelewa kilichotokea? Mimi sikuelewa. Nawaambia nyie muelewe kwa niaba yangu. Msibani, kwenye makaburi, kwenye kumbukumbu, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuharibu. Analala kwenye jeneza, anaiba ubani, anamwiga marehemu anavyotembea. Ndiyo heshima yake. Kule juu kumbukumbu ya mkubwa bila mtani wa kuivuruga wanaona kama haijakamilika. Kumbe mimi, Mnyamwezi pekee mwenye kinanda katika milima yote ile, nilikuwa nimemfanyia Bibi Agata jambo kubwa kuliko nyimbo zote za asubuhi.

Mzee Banzi akaja mpaka nilipo. Akachukua maikrofoni nyingine iliyokuwa hai. Akaniwekea mkono begani. Kanisa likatulia, linasikiliza kwa meno nje.

"Mama yangu," akasema, "alikuwa haoni Mnyamwezi akapita bila kumtania. Leo wamekuja kumlipa nyumbani kwake." Watu wakacheka tena. Akanigeukia. "Kijana. Hii umekusudia, siyo?"

Akanipa maikrofoni.

Ndugu zangu. Neno moja tu. Ndiyo. Herufi tano. Hata kutikisa kichwa kungetosha.

Lakini mimi nimesimama mbele ya altare, viatu vimelowa, padri ananiangalia, mkubwa wa ukoo ananiuliza mbele za watu kama nimemharibia mama yake marehemu misa kwa makusudi. Nikaona hii ni kesi. Nikamwangalia Yustina aniokoe. Yustina ananitikisia kichwa juu chini, juu chini, macho yamemtoka. Nikadhani ananiambia niape.

Nikaapa.

"Haki ya Mungu, mzee, sikukusudia! Mimi siwezi! Ni kisanduku hiki. Umeme ulipokatika kimesahau mpangilio. Sikuuhifadhi. Ni kosa langu, lakini makusudi hapana, naapa mbele ya altare hii."

Na mngedhani ningeishia hapo. Sikuishia. Nikaona wamenyamaza, nikadhani wananiamini, nikaendelea. Nikawaeleza midi ni nini. Nikawaeleza namba moja. Nikainua kisanduku wakione. Nikawaambia kulikuwa na kingine Kariakoo, chepesi, cha swichi, ambacho kisingefanya hivi, lakini nilichagua hiki kwa uzito.

Nikasikia mtu mmoja nyuma anaguna.

Bibi Perpetua akaacha kucheza. Akavua ile kofia, akamrudishia Baba Mdogo bila neno. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko yote. Mtani akikurudishia kofia bila kuidai faini, ujue mambo yamekwisha.

Mkono wa Mzee Banzi ukatoka begani kwangu. Hakuutoa kwa hasira, ndugu zangu. Aliutoa taratibu, kama mtu aliyegundua ameushika mlango usio wake. Akarudi mbele akasoma majina yaliyobaki bila kinanda.

Chakula kilikuwepo. Wali wa Dakawa, kuku, mboga za majani. Nilikula kidogo kama nilivyofundishwa, maana hakuna kilichopita. Tulipomaliza, Baba Mdogo akakohoa, akagusa mfuko wa ndani, akasema wazee, tumekuja na neno.

Mzee Banzi akainua kiganja, kwa adabu.

"Ndugu yangu Maganga, neno lako nalijua, na hiyo leso nimeiona toka asubuhi. Nisikilize bila kinyongo. Mtani akiharibu kumbukumbu ya mama yangu, ni heshima, na mimi leo leo ningempa mke, tena na kuku wa njiani. Fundi akiharibu kumbukumbu ya mama yangu, ni uzembe. Nilimuuliza mwenyewe ni yupi kati ya hao wawili. Mkanisikia. Akaapa."

Baba Mdogo akautoa mkono mfukoni. Aliniangalia tu. Yule mtu amenilea, amenipeleka shule, na leo kaniangalia kama mbuzi aliyekula mbegu.

"Nendeni mkapumzike," Mzee Banzi akasema. "Nikiona kazi yake nyingine, nitawaita."

Nikauliza kwa sauti ndogo, lini.

"Tukizika tena mtu," akasema. Na hakuwa anatania. Angekuwa anatania ningefurahi.

Yustina akanisindikiza mpaka kwenye pikapu. Nikamwambia pole. Nikamwambia nitakirudisha kile kisanduku, nitachukua cha swichi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniambia, bila kupandisha sauti:

"Uongo mmoja tu, Deo. Mmoja. Padri mwenyewe alikuwa anauombea ukutoke."

Akageuka akapanda kuelekea kwao.

Njia nzima kuteremka Baba Mdogo alikaa kanipa mgongo. Tulipofika mjini akanikabidhi ile leso na posa yake ndani, akaniambia niitunze mahali pakavu, kisha akaenda kwa miguu upande mwingine kabisa, ambako hakai yeye wala ndugu yetu yeyote.

Basi, naombeni mtu asicheke. Mkishindwa, chekeni kimya, mimi kelele za leo zimenitosha. Na msije na yale maneno ya kunipongeza kwamba angalau nilisema ukweli. Nimefundishwa toka mtoto kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Ni sawa kabisa, sina ubishi. Ila kufikia jioni hii nimebaki wa Mungu tu.